Sikander wa Honi ya Tabora

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Crescent Town, Toronto, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mliotoka Malton na North York mkaja na baridi hii, kwa niaba ya familia nawakaribisha, na nawaomba mliosimama mkae, maana viti vipo na kaka yangu hakupenda kuona mtu amesimama penye kiti. Mimi ni Minaz, mdogo wake wa mwisho, nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu mwanawe Aleem anakielewa Kiswahili vizuri lakini ukimpa akisome mbele za watu anageuka Mwingereza, na binti yake Almina amesema atalia kabla hajafika mstari wa pili. Mimi pia nitalia, ila nimezoea kusema huku nalia, mtanivumilia.

Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka historia yake isomwe kwa Kiswahili, kwa sababu alisema Kikachi, lugha ya kwetu, alikiongea na mama, Kiingereza alikiongea na wakaguzi, lakini Kiswahili alikiongea na injini na mke wake. Mke wake, wifi yangu Dolat, hayupo ukumbini, yuko nyumbani na jirani yetu Bi Zebunissa, na sababu mtaisikia.

Kabla sijaanza kuna jambo. Tangu Oktoba iliyopita imesemwa katika majengo yetu, kwenye lifti, kwenye chumba cha kufulia, hata kwenye harusi za watu, kwamba uongozi wa bustani ya michezo, alikoendesha treni, ulimdhulumu Sikander, kwamba alipolazwa tu hospitali wakaing'oa honi yake kwenye treni wakaweka nyingine, na kwamba aliyepanda juu ya boila na spana mkononi ni rafiki yake mwenyewe, Shaun. Kuna waliomgeuzia Shaun mgongo dukani. Shaun yupo hapa, amekaa safu ya tatu, Almina anamtafsiria, na familia imeniagiza nilieleze jambo hili kama lilivyokuwa, nami nitalieleza likifika mahali pake.

Marehemu Sikander Amirali Somji alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 mjini Tabora, mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa marehemu Amirali Somji na marehemu Sherbanu, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la baba, duka la vitambaa, kandili na sukari ya kupima, lililokuwa kwenye barabara ya kwenda stesheni, na mama alikuwa akisema kwamba alizaliwa treni ya Mwanza ikiingia, jambo ambalo hatuna namna ya kulithibitisha, kwani mama alikuwa na tabia ya kuyapanga mambo yapendeze.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tabora kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari mpaka kidato cha nne, alichokimaliza Novemba 1968, na hakuwa mwanafunzi mbaya, ila dirisha la darasa lilikuwa upande wa reli. Baba alitaka akae dukani, kama watoto wa kiume wa jamaa zetu wote walivyokaa madukani, na kwa muda alikaa, lakini treni ikipita alimwacha mteja ameshika ncha moja ya kitambaa, yeye huyoo mpaka kwenye uzio wa stesheni, na mwishowe baba akasema basi aajiriwe huko huko anakokimbilia, walau atalipwa.

Tarehe 3 Machi 1969 aliajiriwa na shirika la reli kama mwanafunzi wa ufundi katika karakana ya Tabora, na maneno yalikuwa mengi, maana mtoto wa Mhindi wa duka aliyevaa ovaroli la grisi alikuwa kituko kwa Wahindi na kwa Waafrika vilevile, na wachumba wawili waliotajwa nyumbani walitajwa mara moja tu. Mwaka 1971 alipelekwa Nairobi kwa mafunzo, akarudi akawa fayamani, yaani mtu wa kuangalia moto na maji ya boila, na tarehe 1 Juni 1975 akakabidhiwa injini ya mvuke kama dereva, njia ya Tabora kwenda Kigoma, fayamani wake akiwa Josaphat, ambaye walikula naye sahani moja kwa miaka kumi na mitatu. Sisi wengine wa familia tulikuwa tumeshahamia Kanada tangu Agosti 1973. Yeye alikataa kuja, akamwambia baba kwamba huko Toronto hamjui mtu mwenye treni.

Hapa lazima niwaeleze desturi moja ya madereva wa mvuke, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa mbele. Honi ya injini ya mvuke haina kitufe cha kubonyeza, ina mnyororo wa kuvuta, na kila mkono unavuta kwa namna yake, kwa hiyo kila dereva wa Tabora alikuwa na wito wake aliopiga akikaribia mji, na wanawake waliokaa kota za reli waliitia miito hiyo maneno, kila mmoja wito wa mumewe. Yupo aliyesema honi ya mume wake inasema fungua mlango, yupo aliyesema ya wake inasema nina njaa, na yupo ambaye maneno yake siwezi kuyasoma mbele ya wazee hawa.

Tarehe 18 Desemba 1976 marehemu alifunga ndoa mjini Kigoma na Dolat, binti wa fundi cherehani aliyekuwa na chumba karibu na stesheni, ambaye hakujali grisi, au kama alijali hakusema, na wakahamia kota za reli Tabora. Wito wa kaka ulikuwa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, na Dolat akasema ule mrefu unasema Dooolat, na ile miwili mifupi inasema cha, i. Dooolat, cha-i. Akiisikia alikuwa anainuka anabandika chai, na mpaka injini iingie, ikaguliwe, na mwenyewe atembee kutoka stesheni, chai inakuwa imeiva na vikombe viwili viko mezani, kimoja cha sukari kwa Dolat na kimoja bila sukari kwa dereva, ambaye hakutia sukari kwenye chai tangu utoto. Haya sikuyaona kwa macho, nilikuwa huku Toronto nasoma, lakini wifi amenihadithia mara nyingi kiasi kwamba naijua hata rangi ya vikombe, ilikuwa kijani.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, Aleem, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1979, na Almina, aliyezaliwa tarehe 21 Julai 1984, wote wakiwa wazaliwa wa Tabora, na leo marehemu anaacha pia wajukuu watatu, ambao babu yao aliwafundisha Kiswahili cha injini tu, kwa hiyo wanajua kusema moto, maji, mvuke na subiri.

Injini za mvuke zilipoanza kukatwa vyuma chakavu, na yake ikawa miongoni mwa zilizokatwa, wenzake wa karakana waliiomba honi yake kwa mkuu wao wakaruhusiwa, na siku marehemu anaagwa kazini, mwaka 1988, Josaphat alimkabidhi honi hiyo, ya shaba, nzito, imefungwa kwenye kitenge. Pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ofisa aliuliza ndani ya kitenge mna nini, kaka akajibu ni filimbi, ofisa akafikiria filimbi ya refa, akainyanyua, nusura imdondokee mguuni, akauliza hiyo mechi inachezwa na nani. Wakaachiwa wapite.

Familia iliwasili Toronto tarehe 14 Aprili 1988, ikapanga ghorofa ya tisa hapa Crescent Town, na honi ikawekwa chini ya kitanda. Kwa miaka sita kaka alifanya kazi Malton, akipakia mizigo ya ndege kwenye ghala, zamu ya alfajiri wiki hii na ya jioni wiki ijayo, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi, na hiyo ndiyo miaka tuliyomwona amekuwa mtu wa kujibu ndiyo na hapana. Dolat naye hakuipenda, alikuwa akilalamika kwamba basi halina adabu, linamleta mtu mpaka mlangoni bila kupiga hodi, unashtukia amesimama jikoni na chai hakuna.

Wengi wenu mnaijua ile bustani ya michezo iliyo bondeni chini ya majengo yetu, yenye farasi wa kuzunguka na gurudumu kubwa, na yenye treni ndogo ya mvuke inayowazungusha watoto miti yote ya bondeni. Tarehe 2 Mei 1994 marehemu aliajiriwa pale kama fayamani, na mwaka 1997 akawa dereva, na mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa Malton, nikamwambia amerukwa na akili, akanijibu kwamba mimi nilipima vitambaa vingi mno utotoni, sasa napima kila kitu. Honi ya treni ile ilikuwa na sauti ya kuku aliyekanyagwa. Majira ya baridi ya kuingia 1998 maji yaliganda ndani yake ikapasuka, uongozi ukatafuta nyingine, kaka akasema anayo chini ya kitanda, wakacheka, akaileta, wakaijaribu, wakaacha kucheka.

Kwa hiyo tangu Mei 1998 honi ya Tabora ikawa inalia Toronto. Jioni ile ya kwanza nilikuwa nimekaa sebuleni kwa Dolat, madirisha wazi, tunamenya viazi, na ilipolia kutoka bondeni, mlio mmoja mrefu, miwili mifupi, wifi aliweka kisu chini, akainuka akabandika chai. Kuanzia siku hiyo kaka yangu akarudi kuwa yule wa zamani. Mnajua wenyewe, wengi wenu mmehamia hapa mkiwa hamna mtu, mkasikia sauti ile, mkashuka bondeni kuuliza ni ya nani.

Mwaka 2017 wakazi wa majengo mapya ng'ambo ya bonde walilalamikia kelele, ukaitishwa mkutano, ikapendekezwa honi ibadilishwe, iwekwe ndogo yenye sauti ya kistaarabu. Kaka alivaa suti yake ya harusi, ikiwa haifungiki kifungo, akasimama akasema kwamba wakitaka kuitoa honi hiyo wamtoe yeye kwanza. Mlimpigia makofi, nami nilipiga, na mwisho ikaamuliwa honi ibaki lakini ilie mara moja tu kwa siku, saa kumi na mbili jioni, safari ya mwisho. Alirudi nyumbani akasema amewashinda, kwa sababu hiyo mara moja ndiyo pekee aliyokuwa anaihitaji.

Na ni kwa ajili ya maneno yale ya mkutanoni kwamba nyote, honi ilipotoka, mlijua moja kwa moja kuwa amedhulumiwa.

Sasa nasema jambo ambalo marehemu hakutaka lisemwe akiwa hai, na watoto wameruhusu. Tangu mwaka 2019 Dolat ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza na majina, ukaja kwenye njia ya dukani, ukaja kwenye sura za watu, na sisi tuliuficha, si kwa aibu, ila kaka hakutaka mtu yeyote amsemeshe mkewe kwa sauti ile ya kusemesha watoto. Alisahau mwaka, alisahau Tabora imebaki nyuma, siku nyingine alinisahau mimi, akaniuliza kama nimekuja kushona. Honi hakuisahau. Saa kumi na mbili ikilia anainuka, anabandika chai, vikombe viwili, kimoja bila sukari, na robo saa baadaye mumewe anafungua mlango akinuka moshi, na kwa muda wa chai ile moja Dolat anakuwa Dolat mzima, anamkosoa, anamcheka, anamuuliza treni ilijaa. Bustani ikifungwa, mume alikuwa naye ndani mchana kutwa, hapakuwa na wa kumsubiri. Daktari alituambia tusimwondolee lolote linalomjulisha saa. Hatukuwa na haja ya kuambiwa.

Mnamo Septemba 2024 marehemu alianza kukohoa kikohozi kisichoisha, akipanda kutoka bondeni anasimama mara kadhaa kushika uzio, na tarehe 7 Oktoba 2024 akalazwa hospitali, ikaonekana mapafu yote mawili yameharibika vibaya. Treni akaachiwa Shaun. Shaun si kijana, ana ndevu nyeupe na wajukuu, wazazi wake walitoka Trinidad, na alifanya kazi na kaka yangu miaka zaidi ya ishirini, na sambusa za Dolat alizokula haziwezi kuhesabika. Alijua mama wa nyumba ile anaisubiri honi. Basi kwa wema, na nawaomba mlisikie vizuri neno hili, kwa wema, alijifunza wito wa rafiki yake, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, mpaka mkono wake ukawa ndio mkono wa Sikander, na jioni za Jumamosi na Jumapili, bustani ikiwa wazi, akawa anaupiga, ili mke wa rafiki yake asione pengo.

Wikiendi ya kwanza Dolat alibandika chai, akasubiri, ikapoa, akamwaga, akabandika nyingine. Alituuliza kuna nini stesheni. Wikiendi ya pili, Jumamosi tarehe 19 Oktoba, mvua ilikuwa inanyesha, Almina alikuwa ameshuka chumba cha kufulia kuchukua nguo, honi ikalia, na alipopanda alikuta moshi jikoni, sufuria imekauka motoni, mlango uko wazi, na mama hayupo.

Tulimtafuta majengo yote. Aliyempata ni Yvan, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya sita, akirudi kutoka kazini Malton, alimkuta mbele ya geti la bustani lililofungwa, amevaa ndara na gauni la nyumbani, amelowa mpaka nywele, mkono mmoja chupa ya chai na mkono mwingine vikombe viwili.

Yvan alimuuliza, "Mama, uko unangojea nani?"

Naye akamjibu, "Dereva wangu. Kashapiga, bado kushuka tu."

Yvan hakubishana naye. Alimfunika kwa koti lake, akasimama naye pale getini, wakamsubiri wote wawili, mpaka meno ya Dolat yalipoanza kugongana, ndipo akamwambia pengine dereva amepitia njia ya juu yuko nyumbani, wakarudi. Dolat alikaa na homa siku kadhaa, na Jumapili ile tulimwomba Shaun asipige, asipige kabisa, naye hakupiga, na ikawa mbaya vilevile, maana jana yake aliisikia na hakushuka mtu, na sasa saa ilipopita kimya alisimama dirishani akisema treni imepata ajali, hakuna wa kumtuliza.

Jumatatu nilikwenda hospitali nikamweleza kaka yangu yote, ingawa watoto waliniomba nisimweleze, kwa sababu ni mke wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mipira ya hewa puani, macho juu.

Kisha akasema, "Itoeni ile honi."

Nilifikiri homa inamsemesha. Nikamkumbusha mkutano, nikamkumbusha suti. Akanishika mkono.

"Minaz, akiisikia atanifuata, na mimi sipo. Itoeni, muweke yoyote ambayo si yangu. Afanye Shaun, mtu mwingine atavunja nati."

Haya ndiyo mambo yenyewe, ndugu zangu. Uongozi wa bustani haukuitoa honi ya Sikander, uliombwa, na ulikataa mara ya kwanza. Shaun hakumsaliti mtu, alikwenda hospitali akitumaini kumgeuza mawazo, akatoka akiwa amekubali, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 26 Oktoba 2024 akapanda juu ya boila akaifungua kwa mikono yake, nati kwa nati, huku analia, nilikuwapo, nikamshikia ngazi. Aliambiwa na rafiki yake asimwambie mtu sababu, kwa ajili ya heshima ya Dolat, naye hakusema, mkamnunia miezi mitano, hakusema. Kwa niaba ya familia namwomba radhi, na yeyote kati yenu mwenye la kumwambia, mlango wa kutokea ni mmoja, mtakutana naye.

Jioni ile saa kumi na mbili honi mpya ililia, nyembamba, ya dukani. Mimi na Almina tulikuwa tumekaa tunamtazama Dolat, tumeshikana mikono. Aliinua kichwa, akasikiliza.

"Huyo wa watu," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Hakubandika chai. Hakutoka nje tena. Kichwani mwake mumewe alikuwa bado hajaingia mjini, yuko njiani, mahali fulani kati ya Kigoma na Tabora, na hilo kwake halikuwa jambo la kuogopesha, mke wa dereva amezoea.

Kaka aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 5 Desemba 2024, na mtungi wake wa hewa wa magurudumu. Nadhani alikuwa amejua itakavyokuwa, sisi hatukuwa tumejua. Mlango ulifunguliwa, Dolat akamtazama mtu huyu aliyekonda, asiyenuka moshi, aliyekuja bila honi, akafunga shali vizuri akasema karibu, karibu ndani, mwenye nyumba yuko safari. Aleem alitaka kumweleza, baba yake akainua kiganja. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha wageni, na Dolat akamletea chai ya mgeni, ina vijiko viwili vya sukari.

Akaichukua akanywa yote. Akauliza huyo mwenye nyumba ni mtu wa namna gani.

"Mtu mzuri," wifi akajibu. "Ila anachelewa."

Miezi mitatu marehemu aliishi nyumbani kwake kama mgeni. Alilala chumba kidogo, akitoka kliniki alipiga hodi akasubiri akaribishwe, na kila jioni alikunywa chai ya sukari aliyokuwa haipendi tangu utoto na kusimuliwa habari za Sikander, jinsi alivyoacha duka, jinsi alivyofundishwa injini, jinsi honi yake inavyoita. Nilimuuliza siku moja kama haimuumi. Akasema inamuuma sana, inamuuma usiku na mchana, lakini Dolat yuko ndani, hajalowa mvua, na akaniambia nisiulize tena. Sikuuliza tena.

Mwanzoni mwa Machi hali yake ilibadilika, akarudishwa hospitali, na asubuhi ya Jumatano tarehe 12 Machi 2025 akafariki dunia akiwa na miaka sabini na mitatu, watoto wake wote wawili wakiwa kando ya kitanda. Tulipokwenda kumwambia Dolat hatukujua tumwambie nani amekufa, na Almina akasema tu kwamba yule mgeni amefariki. Wifi alilia. Alilia kweli, akajipangusa, akasema maskini, ameondoka hawajaonana na mwenye nyumba.

Familia inatoa shukrani zake kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia hospitali na waliomfuata nyumbani, wakakubali kuingia wakijitambulisha kuwa ni marafiki wa mgeni, kwa Mukhi Saheb, kiongozi wetu wa ibada, na jumuiya yote kwa dua na maandalizi, kwa majirani wa Crescent Town waliopika, waliolala kwetu, waliobeba viti, kwa Bi Zebunissa aliye na Dolat wakati huu ninaposoma, na kwa Yvan, ambaye koti lake bado liko kwetu, aje alichukue. Josaphat amepigiwa simu Tabora, ameomba mmhesabu kuwa miongoni mwenu.

Shukrani za mwisho ni za wafanyakazi wa bustani. Juzi walikuja nyumbani kwangu, Shaun mbele yao, wakaniambia kwamba ingawa bustani imefungwa mpaka Mei wako tayari kuwasha boila leo, kuirudisha honi ya Tabora mahali pake, na gari la jeneza likipita juu ya bonde waipige mara moja, wito wake mwenyewe, kumuaga. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo aliyopata kupewa, na moyo wangu ulitaka, Aleem alitaka, sote tulitaka kuisikia mara moja tu. Tumewaomba wasifanye hivyo, nawaomba na nyinyi, hata kwa simu msiicheze, hata kwa mdomo msiipige, hapa wala njiani wala chini ya majengo yetu, kwa sababu ghorofa ya tisa kuna mtu ambaye akiisikia atabandika chai, na vikombe viwili, kimoja bila sukari, halafu atashuka. Honi iko chini ya kitanda changu, kwenye kitenge cha Josaphat. Mkija kumpa pole wifi msimpe pole, mwambieni mmepita kusalimia, na akiwapa chai yenye sukari nyingi, inyweni.

Kaka Sikander, safari hii umeingia kimya, kama ulivyoagiza. Pumzika kwa amani. Dolat yuko ndani, hajalowa.